Hesabu Mbele ya Wote: Mwongozo kwa Mwenye Kuajiri Unguja

Mfanyakazi aliyekata tamaa haachi kazi siku hiyo hiyo. Anaendelea kuja. Alfajiri anapanda daladala, anavaa fulana yenye nembo yako, anamkaribisha mgeni kwa tabasamu lile lile. Lakini moyo wake umeshaondoka, na ukitazama vizuri utaona dalili. Zamani akiona bomba linavuja alikuja kukwambia, siku hizi anapita. Zamani mwenzake akichelewa alimshikia zamu, siku hizi saa ya kuondoka ikigonga anaondoka, hata kama mgeni amesimama mapokezi na mabegi yake.

Hapo ndipo waajiri wengi husema, "Watu wa hapa hawapendi kazi." Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi katika hoteli za pwani ya mashariki na katika maduka ya Mji Mkongwe, na naikataa. Nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa, uwatazame akina mama wa mwani walivyoinama juani kwa saa nzima nzima, halafu urudi useme watu hawapendi kazi. Kazi wanaipenda. Wasichokipenda ni kufanya kazi mahali ambapo hawajui jasho lao linaishia wapi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeajiri watu wachache, tuseme watano au arubaini: mwenye nyumba ya wageni, mwenye kampuni ya kutembeza watalii, msimamizi wa mkahawa, mkuu wa kituo. Sikuandikii namna ya kuwachangamsha watu kwa maneno. Nakuandikia mambo ya kufanya, na mengi nimeyachukua Jozani, kwa sababu pale watu walilazimika kujibu swali gumu kuliko lako: utamfanyaje mtu alinde kitu kinachomtia hasara?

Jozani walivyofanya

Msitu wa Jozani uko kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, kwenye barabara iendayo kusini. Mwaka 2004 msitu huo pamoja na Ghuba ya Chwaka vilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, na mwaka 2016 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi hai. Wageni humiminika pale kumwona kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu.

Kwa mwenye minazi wa Pete, kijiji kilicho kando ya msitu, kima punju hakuwa fahari ya taifa. Alikuwa mnyama anayeingia shambani na kula vidaka kabla havijawa nazi. Katika miaka ya 1990 watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichunguza minazi hiyo na wakaona kwamba pale kima walipokula zaidi, mavuno ya mwisho hayakupungua. Huenda hata yaliongezeka, kwa kuwa mnazi unapopunguziwa vidaka unazikuza vizuri zaidi nazi zinazobaki. Habari njema, lakini mkulima hawezi kupika utafiti. Jambo lililopunguza uhasama ni kwamba sehemu ya fedha za watalii ilianza kwenda kwa wakulima waliokuwa na kima mashambani mwao, na nyingine ikaenda kwenye maendeleo ya vijiji. Mnyama yule yule, minazi ile ile, lakini sasa mkulima naye alikuwa na fungu. Manung'uniko hayakwisha: watafiti waliofuatilia jambo hili wameandika juu ya wanavijiji waliolalamikia mgao na mipaka. Na hilo nalo ni somo, kwani fungu lisiloeleweka linazaa kinyongo karibu sawa na kukosa fungu.

Sambamba na hayo, shirika la CARE lilisaidia kuanzisha vikundi vya kuweka na kukopa katika vijiji vinavyouzunguka msitu. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini, na siku hizi umeenea Afrika nzima. Fedha za kikundi hukaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Sanduku halifunguliwi ila siku ya mkutano, wanachama wamekaa, na kila shilingi inayoingia na kutoka inatajwa kwa sauti. Asiyejua kusoma anasikia. Asiyesikia vizuri anaona mikono ikihesabu. Vikundi kama hivyo hudumu miaka mingi bila mwanasheria wala mkaguzi wa hesabu, na watu maskini wanaweka humo fedha walizozitafuta kwa taabu.

Ukiniuliza ni kitu gani kinamfanya mtu aishike kazi kwa moyo, jibu langu la kwanza ni sanduku hilo.

Anza na mshahara

Usiruke hapa kwa sababu umesikia kwamba fedha si kila kitu. Ni kweli si kila kitu. Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, wakaona kwamba yanayomchosha mtu kazini si kinyume tu cha yanayompa ari. Mshahara mbaya, amri zisizoeleweka na msimamizi mkali vinamvunja moyo. Lakini ukivirekebisha, unakuwa umeondoa kero tu, ari bado hujaipanda. Ari inatokana na kazi yenyewe, kutambuliwa, kupewa dhamana na kupanda daraja. Waajiri wengi wamelisoma somo hilo wakachukua nusu inayowapendeza. Wanamsifu mtu aliyechelewa kulipwa miezi miwili. Sifa haiingii kwenye masikio ya mwenye njaa.

Kwa hiyo, tarehe kwanza. Sisi wa visiwani tumelelewa na mafunzo ya dini kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka, na kila mfanyakazi wako anayajua mafunzo hayo hata kama wewe umeyasahau. Ukisema tarehe 28, iwe tarehe 28. Ukijua utachelewa, sema kabla ya siku hiyo, sema sababu, taja siku mpya. Na kama fedha hazitoshi, usiwalipe wakubwa kamili ukawaacha wadogo: anza na wa chini, wewe mwenyewe uwe wa mwisho, na watu wajue kwamba umekuwa wa mwisho.

Pili, kila mtu apate karatasi inayoonyesha mshahara, makato, na kilichobaki. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na mchango unaomkata mfanyakazi ni fedha yake ya uzeeni. Hakuna kinachoua imani haraka kama mtu kwenda kuuliza michango yake akakuta miezi mitupu. Usingoje aende kwa wasiwasi. Mhimize aende, umpe ruhusa ya nusu siku, aone kwa macho yake kwamba umepeleka.

Tatu, mkataba uwe wa Kiswahili. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, haikuwekwa kwa ajili ya mawakili peke yao. Mkataba wa Kiingereza kwa mtu anayeishi kwa Kiswahili ni karatasi ya kumfunga. Ukae naye, umsomee, aulize, ndipo atie saini, na nakala moja aende nayo nyumbani.

Nne, ngazi za mishahara zijulikane. Huna haja ya kubandika ukutani mshahara wa kila mtu. Lakini mhudumu ajue mhudumu mpya anaanzia kiasi gani, mwenye miaka mitatu anafika wapi, na msimamizi wa zamu anazidi kwa lipi. Unguja inafanya kazi na watu kutoka kila pembe: wa Makunduchi, wa Pemba, wa Tanga, wa Arusha, wa Nairobi, wa Ulaya. Watu wawili wenye kazi moja wakilipwa tofauti kwa sababu ya walikotoka, watajua. Usidhani hawatajua. Wanapanda daladala moja.

Bakshishi

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa sijaona jambo linalogombanisha wafanyakazi wa utalii kama hili.

Fikiri namna fedha inavyofika. Mgeni ametembea msituni saa moja, ameona kima wakiruka juu ya kichwa chake, amepita kwenye njia ya mbao katikati ya mikoko, na mwisho wa matembezi anamtilia mtembezaji noti mkononi. Mwingine anaacha fedha juu ya mto wa kitanda. Mwingine anamwachia wa mapokezi na kusema ni ya wote. Mwingine analipa kwa kadi, anaongeza kidogo juu ya bili, na fedha hiyo inaingia moja kwa moja kwenye akaunti yako wewe mwenye hoteli.

Sasa waangalie ambao hakuna mgeni anayewaona: mpishi, mfua mashuka, mtunza bustani, mlinzi wa usiku, fundi wa jenereta aliyeamka saa tisa ya usiku ili kiyoyozi kisizimike. Mgeni alifurahi kwa sababu ya hao pia. Wakiona mwenzao wa mbele anatoka kila jioni na kitu mfukoni na wao hawana, watafanya kazi yao kwa kipimo cha mshahara wao, na hutakuwa na haki ya kuwalaumu. Na kama minong'ono inasema kwamba sehemu ya bakshishi inabaki ofisini, basi hata aliye mbele naye umemkosa.

Fanya hivi. Waite wote siku moja isiyo na wageni wengi. Usije na kanuni mkononi. Waulize: fedha gani iwe ya aliyepewa mwenyewe, na fedha gani iwe ya wote? Watabishana, waache wabishane. Kila mahali wanaamua kwa namna yao. Wapo wanaomwachia mtembezaji alichopewa mkononi lakini yeye anatia fungu dogo kwenye sanduku. Wapo wanaochanganya zote. Kanuni waliyoitunga wao, hata kama si nzuri kama yako, wataifuata kuliko yako.

Kisha nunua sanduku, utie kufuli tatu kweli. Ufunguo mmoja akae nao mtu wa jikoni, mmoja wa vyumbani, mmoja wa nje, bustanini au ulinzini. Wewe usiwe na ufunguo. Narudia hilo kwa sababu waajiri wengi hulipuuza: wewe usiwe na ufunguo, wala meneja wako. Lifunguliwe siku maalumu, tuseme kila Jumatatu saa nane, mbele ya waliopo kazini, mmoja akihesabu kwa sauti na mwingine akiandika daftarini. Fedha za kigeni ziandikwe kwa kiwango cha duka la kubadilishia fedha cha siku hiyo. Sarafu za euro, ambazo maduka hayo hayazipokei, zitengwe, na mtu wa mapokezi awaombe wageni wanaorudi Ulaya wazibadilishe kwa noti.

Bakshishi zilizolipwa kwa kadi ni deni lako. Kila siku ya kufungua sanduku, uje na orodha yake na fedha taslimu. Ukiisahau wiki moja, hakuna atakayekukumbusha; watakuwa wanakutazama tu.

Yako mambo mawili ya kujizuia. Usihesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara unapomwajiri mtu, ukimwambia, "Mshahara ni mdogo lakini bakshishi zipo." Bakshishi ni hisani ya mgeni, mshahara ni wajibu wako, na mwezi wa Mei mgeni hayupo. La pili, sahani ikivunjika au shuka likipotea, usilipe hasara kutoka sandukuni. Ukifanya hivyo mara moja, umewafundisha watu kwamba sanduku lile ni mfuko wako wa pili.

Aone matunda ya kazi yake

Mwanasaikolojia wa Marekani Adam Grant aliwafanyia jaribio wafanyakazi wa chuo kikuu kimoja ambao kazi yao ilikuwa kupiga simu kuomba michango ya ufadhili wa wanafunzi. Kazi ya kuchosha, watu wanakukatia simu siku nzima. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa michango hiyo, akawaeleza maisha yake yalivyobadilika. Baada ya mwezi, muda ambao kundi hilo lilikaa kwenye simu uliongezeka zaidi ya maradufu, na fedha walizokusanya pia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Hawakuongezwa mshahara. Walimwona mtu.

Jozani ina hadithi kama hiyo, na natamani kila mkuu wa kazi Zanzibar angeitumia. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kima punju waliobaki ni elfu moja na ushei hadi elfu mbili hivi. Shirika la Wildlife Conservation Society likafanya hesabu kwa miaka miwili Unguja nzima, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yakaonyesha kima 5,862, kiasi cha mara tatu au zaidi ya makisio ya awali. Karibu na lango la hifadhi, barabara iliwekwa matuta ili madereva wapunguze mwendo, na vifo vya kima waliogongwa na magari vikapungua. Askari wa msitu anayetembea kwenye umande alfajiri, na dereva anayevumilia matuta yale kila siku na abiria wakimnung'unikia, wanapaswa kuyasikia haya kwa Kiswahili, kutoka kwa wakuu wao. Wasiyasikie kwanza kutoka kwa mtalii aliyesoma kitabu.

Kwako wewe, namba haitakuwa 5,862. Itakuwa barua ya mgeni aliyesifu mchuzi wa pweza. Itafsiri, uisome mbele ya mpishi na wenzake, umtaje kwa jina. Mgeni akiandika kwamba chumba kilinukia vizuri, aliyekitandika aambiwe siku hiyo hiyo. Kama hoteli yako inachangia skuli ya kijiji, mwalimu mkuu aje aseme na wafanyakazi wote. Asiishie kupiga picha na wewe. Kama kampuni yako imepata wateja wapya kwa sababu ya mtembezaji mmoja aliyesifiwa, mwonyeshe, umwambie ni wangapi.

Mcheza kwao hutunzwa. Nenda kwenye taarab uone watu wetu walivyo hodari wa kutunza: mwimbaji akigusa moyo, msikilizaji anainuka pale pale, anakwenda mbele ya watu wote na kumpa chake, wimbo haujakwisha. Hangoji mwisho wa mwaka. Na anajua hasa ni ubeti gani uliomwinua kitini. Sifa zako kazini ziwe hivyo: mapema, hadharani, na kwa jambo linalotajika. "Mnafanya kazi nzuri wote" haimgusi yeyote.

Kinyume chake ni kukaripia. Kosa lisemwe faraghani, mlango umefungwa. Ukimkaripia mtu mbele ya mgeni au mbele ya wadogo zake, hutampata tena, hata akikujibu "sawa bosi" kila siku. Na kama wewe ni meneja kijana mwenye wafanyakazi waliokuzidi umri, shikamoo itoke kwako kwanza, asubuhi, kabla ya amri yoyote. Cheo hakimwondolei mtu utu uzima wake, na yule mzee wa bustani anayeitwa kwa jina tupu na kijana wa ofisini anaumia kila siku bila kusema.

Mwachie aamue

Mtembezaji aliyezaliwa Pete au Ukongoroni anaujua mtondoo kwa gome lake, anautofautisha mkoko na mchu na mlilana bila kufikiri, anajua kundi lipi la kima limezoea watu na lipi litakimbia. Halafu anakuja msimamizi aliyefika mwaka jana, anampa karatasi ya maneno ya kukariri na njia moja ya kupita, dakika kwa dakika. Mtu huyo atakariri. Ujuzi wake atauacha nyumbani.

Mwulize mfanyakazi anajua nini ambacho wewe hujui, na umpe nafasi ya kukitumia. Weka mipaka iliyo wazi: njia hizi ni ruhusa, kumgusa na kumlisha kima ni marufuku, mgeni arudi kabla ya saa fulani. Ndani ya mipaka hiyo, kazi ni yake. Vivyo hivyo mapokezi: taja kiasi cha fedha ambacho mhudumu anaweza kukitumia kumtuliza mgeni aliyekasirika bila kukupigia simu. Kiwe kidogo, lakini kiwe chake. Atakapokosea, jadilini kosa, usimnyang'anye dhamana.

Na kila mwezi muulize kila mmoja swali moja: ni kitu gani hapa kinakuzuia kufanya kazi vizuri? Majibu yatakushangaza kwa udogo wake. Feni ya jikoni imekufa. Kufuli ya choo cha wafanyakazi haifungi. Ufagio mmoja kwa vyumba kumi. Tengeneza kimoja ndani ya wiki hiyo. Ukiuliza miezi mitatu mfululizo bila kutengeneza chochote, ni bora ungenyamaza.

Masika, Ramadhani na maziko

Maisha ya Unguja yana kalenda yake, na mwajiri asiyeiheshimu anapoteza watu.

Masika, kati ya Machi na Mei, wageni hupungua na hoteli nyingi za pwani hufunga kabisa. Mfanyakazi anayeambiwa siku ya mwisho "tutakupigia" anaanza kutafuta kwingine jioni hiyo. Sema mapema, Januari, kabla msimu haujaisha: nani atabaki, nani atapumzika, kwa malipo gani, na atarudi tarehe ipi. Kwa wale unaobaki nao, masika ni wakati wa kupaka rangi, kutengeneza, na kufundishana. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga viwanja vya ndege, wageni wa Zanzibar walishuka kutoka zaidi ya 538,000 mwaka uliotangulia hadi 260,000 hivi. Mishahara ilikatika kote. Wafanyakazi wa utalii hawajasahau nani aliwaita akawaeleza hali ilivyo, na nani alizima simu.

Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii imeangukia Februari na Machi, wageni wangali wapo. Panga zamu ili kazi nzito ziwe asubuhi, aliyefunga asisimame jikoni saa za mchana kama yuko asiyefunga anayeweza, na wakati wa kufuturu kila aliyefunga apate nafasi ya kukaa. Futari ya wafanyakazi itoke kwako. Na usiku zamu ya mwisho ikimalizika, hasa kwa wanawake, gari iwepo. Mwanamke anayesimama gizani Kitogani kungoja usafiri usio na uhakika hawezi kuipenda kazi hiyo, na mumewe au mama yake hatamruhusu aipende.

Maziko hayangoji. Kwetu mtu akifariki asubuhi huenda akazikwa alasiri, na asiyeonekana kwenye maziko ya jirani ana hesabu ya kutoa kijijini. Usimlazimishe mtu kuchagua kati yako na kijiji chake, kwani utashindwa, na ni haki ushindwe. Weka utaratibu: simu moja inatosha, mwenzake fulani anashika nafasi, saa zinarudishwa baadaye. Fanya hivyo pia kwa sikukuu unazozijua mapema. Mwaka Kogwa wa Makunduchi uko Julai, wageni wamejaa, na kila mwaka mameneja hujifanya wameshtukizwa.

Ukimfunza, ataondoka?

Huenda akaondoka. Kisiwa ni kidogo na hoteli ni nyingi. Lakini usipomfunza atabaki akiwa vile vile alivyo, na hiyo ni hasara kubwa zaidi. Mtunza bustani anayeujua kila mti kwa jina la Kiswahili yuko hatua chache tu kutoka kuwa mtembezaji. Anachokosa ni lugha ya kigeni na mtu wa kumwamini. Mlipie masomo ya Kiingereza, Kiitaliano au Kifaransa masika, amfuate mtembezaji mzoefu msimu mmoja, kisha mpe kundi dogo. Andika ngazi hiyo ukutani, ili msafisha vyumba ajue msimamizi wake alikuwa msafisha vyumba. Nafasi ya juu ikitokea, itangaze ndani kwanza. Ukileta mtu wa nje kila mara, waliopo wanakuelewa upesi: hapa hakuna pa kwenda.

Kuhusu picha za mfanyakazi bora wa mwezi, semina za siku moja na hafla za mwisho wa mwaka, sitasema mengi. Hazidhuru, mradi haya mengine yapo. Zikiwa peke yake, watu watakula biriani lako na Jumatatu watakuwa vile vile.

Usijaribu kuyafanya yote mwezi huu. Chagua mawili: karatasi ya mshahara kwa kila mtu siku ile ile uliyoahidi, na sanduku la bakshishi lenye kufuli tatu ambalo wewe huna ufunguo wake. Waambie wafanyakazi wako leo kwamba vitu hivyo vinakuja na taja tarehe, kisha uitimize.